Fimbo Ikiwa Juu, Fimbo Ikiwa Chini

Hapo zamani, wafalme walipokuwa wakijengewa majumba ya mawe na chokaa na raia wakilala chini ya makuti, alikuwako katika mji wa Kiwambao mtu mmoja jina lake Machano. Hakuwa na shamba, wala ng'ombe, wala mke, na kanzu aliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, ambayo akiifua hukaa ndani mpaka ikauke. Ndiyo maana watu walimwita Machano wa Kanzu Moja. Wengine walimwita mpumbavu, kwa sababu maneno ya watu aliyachukua vile vile yalivyosemwa. Ukimwambia, "Karibu wakati wowote," alikuja wakati wowote, na mara nyingi wakati huo ulikuwa wa chakula.

Kazi yake ilikuwa kutoa nyimbo za wapiga sakafu. Maana sakafu ya chokaa haifanywi kimya kimya. Humwagwa mbichi juu ya boriti, chokaa na kokoto pamoja, kisha wanaume kwa wanawake hupanga safu, kila mmoja na fimbo yake, wakaipiga kwa mlio mmoja huku wakirudi kinyumenyume, ili nyayo zao zisiharibu pale walipokwisha kulainisha. Mtoa nyimbo akikosea, fimbo zinagongana. Akinyamaza, mikono inalegea, chokaa inakauka kabla ya kushikana, na sakafu inapasuka kama ukoko wa wali. Basi Machano alisimama mbele ya safu, akiwatazama wapigaji usoni, akiimba. Na jioni alikwenda kula kwa huyu au kwa yule, na zaidi kwa rafiki yake Vuai, mpiga sakafu, ambaye mkewe, Mize, alijua kupika na alijua pia kusema.

Ikawa Sultani wa mji huo, jina lake Fakihi, anajenga jumba jipya kwa ajili ya harusi ya binti yake. Alikuwa mtu mkunjufu, mpenda mzaha, ila alipenda mno mambo yake yatazamwe na kusifiwa. Jumba likapanda likaipita minazi, na wapiga sakafu walipolitazama wakakataa kupanda. Wakasema, "Maulana, sisi tunafanya kazi tukienda kinyumenyume, na huko juu nyuma yetu hakuna kitu ila hewa. Mmoja wetu akianguka, nani atawalisha watoto wake?" Sultani akaliona neno hilo ni la haki, naye alikuwa na haraka ya harusi. Akaamuru ukingoni mwa sakafu zifungwe mbao, na mbiu ipigwe mji mzima, kwamba mtu yeyote atakayeumia katika kazi ya Sultani, chakula chake na cha nyumba yake kitatoka jikoni kwa Sultani mpaka apone. Watu wakafurahi, wakapanda.

Maneno hayo yalikuwa mafupi, yamenyooka, na hata mtoto aliyafahamu. Mtu mmoja tu mjini hakuridhika nayo, naye ni Waziri Mselem. Waziri huyu alikuwa msomi wa maneno. Aliamini kwamba neno lisilopimwa ni kama mbuzi asiye na kamba, na kwamba yeye ndiye aliyeumbwa kuipima hiyo kamba. Na kila alipopima, kamba ilitoka fupi.

Hata siku moja Sultani akakaa barazani kwake, akatazama jumba lake, akasema, "Zile mbao za ukingoni zinaliharibu. Jumba linaonekana kama zizi. Ziondoeni." Zikaondolewa. Wapigaji wakanung'unika, lakini mbiu ilikuwa bado masikioni mwao, basi wakaendelea. Na siku ile ile, safu ikirudi nyuma na wimbo umekolea, Vuai akafika ukingoni asijue. Machano aliyaona yote. Aliona fimbo zikipanda pamoja, aliona na ya Vuai ikipanda. Na zilipotua, moja haikutua.

Vuai aliangukia rundo la mchanga, na hilo ndilo lililomwokoa; lakini mguu ulivunjika chini ya goti. Wenzake wakambeba juu ya kitanda mpaka kwake. Akaja muunga mifupa, mzee mwenye mikono kama koleo na ulimi kama mikono yake, akauvuta mguu, akaufunga kwa vijiti, akasema, "Mguu huu usikanyage chini mpaka niseme mimi. Akiukanyaga mapema utaunga upande, na mtu wa mguu wa upande harudi kinyumenyume juu ya sakafu. Mlisheni, na mlazeni. Akiniambia kwamba anakwenda kutafuta kibarua, nitamvunja na wa pili, ili alale sawasawa."

Basi Mize akachukua bakuli, akaenda jikoni kwa Sultani. Mpishi akamwambia, "Dada, mimi chakula ninacho, ila sina ruhusa. Nenda kwa Waziri, ndiye mwenye maana za maneno."

Akaenda. Waziri akampokea vizuri, akamkalisha kwenye mkeka.

"Sabalkheri, Bwana Waziri."

"Sabalkheri, Bi Mize. Nimesikia habari za mumeo, nimesikitika. Sasa, ameangukia wapi?"

"Chini, bwana."

"Chini wanaanguka wote. Nauliza, ameanguka akiwa katika kazi, au nje ya kazi?"

"Alikuwa juu ya sakafu ya Sultani, na fimbo ya Sultani mkononi."

"Mkononi, vema. Na fimbo ilikuwa juu au ilikuwa chini?"

Mize akadhani ni swali la huruma, akajibu kama alivyoambiwa na waliokuwapo. "Ilikuwa juu, bwana."

Waziri akatabasamu kama mtu aliyeiona pete yake iliyopotea. "Sasa sikiliza, mama. Kazi ya mpiga sakafu ni kupiga. Fimbo ikiwa chini, amepiga. Yuko katika kazi. Fimbo ikiwa juu, bado hajapiga. Hayuko katika kazi, yuko baina ya kazi na kazi. Mumeo ameanguka baina."

"Na huko baina analishwa na nani?"

"Mbiu haikutaja," akasema Waziri, na kwa kweli alionekana kusikitika.

Mize akatoka na bakuli lake tupu, asirudi nyumbani, akaenda moja kwa moja kwa Machano. Akabisha. Machano akajibu kutoka ndani, "Leo sitoki, nimefua."

"Basi vaa ikiwa mbichi," akasema Mize nyuma ya mlango. "Sikiliza, shemeji. Vuai anasema kesho atajikokota aende kubeba kokoto, kwa sababu watoto wamelala na uji mwepesi. Akienda, mguu umekwisha. Waziri anasema mume wangu hakuwa kazini kwa sababu fimbo ilikuwa hewani. Nawe ujue kwamba sufuria ya nyumba ile ndiyo sufuria yako. Tukila, unakula. Tusipokula, utakuja wakati wowote utukute wakati wowote hatuna kitu."

Machano alikuwa mwepesi wa hasira, na neno hili likamwingia mahali pawili, moyoni na tumboni. Akaivaa kanzu yake mbichi, akatoka akidondosha maji. Wakapita kwanza kwa Vuai. Machano akakishika kile kitanda, akamwambia rafiki yake, "Kesho usishuke hapa. Nipe siku ya kesho tu." Vuai akasema, "Kesho nakupa, kesho kutwa sina." Kisha hao, Machano na Mize, mpaka barazani.

Sultani Fakihi alipomwona akacheka. "Machano, umetumbukia kisimani?"

"La, Maulana. Kanzu ndiyo iliyotumbukia. Mimi nimo ndani yake tu."

"Na haja yako?"

"Haja yangu ni ndogo. Wewe ulipiga mbiu, Maulana, mimi nikaielewa. Sasa Waziri wako ameieleza, na siielewi tena."

Sultani akapenda mchezo huu, akamwita Waziri Mselem, akasema, "Haya, mweleze na huyu." Waziri akaeleza habari ya juu na chini na baina, kwa ufasaha, hata watu wa barazani wakatikisa vichwa kwa kustaajabu, ingawa wengi hawakujua wanastaajabu nini. Kisha, kwa kuwa alikuwa amekwisha kupata moto, akaendelea. "Tena, Maulana, tulipime na neno kuumia. Kilichoumia ni mguu. Tumbo la Vuai lilifika chini salama. Na chakula ni haki ya tumbo, si ya mguu."

"Basi upelekeeni mguu," akasema Mize kutoka nyuma. "Ukishiba tutasikia."

Watu wakacheka, na Sultani akacheka zaidi yao. Waziri hakucheka. "Na tulipime neno kupona," akasema. "Mtu anayeweza kukaa, kusema na kumtuma mkewe barazani, huyo mgonjwa wa nini? Tena yote haya ni uzembe wake. Angetazama nyuma, asingeanguka."

"Bwana Waziri," akasema Machano, "umewahi kupiga sakafu?"

"Sijapiga."

"Mpiga sakafu hatazami nyuma. Anatazama fimbo yake. Akitazama nyuma, fimbo inashukia vidole vya jirani. Kwa hiyo huwekwa mbao ukingoni zimtazamie. Nani aliyeziondoa zile mbao?"

Kila mtu akatazama mkeka, kwa sababu kila mtu alijua. Sultani akakohoa. Alikuwa mwema, lakini hakuna mwema anayependa kuulizwa hivyo mbele ya watu, basi akaamua kuligeuza jambo liwe mzaha.

"Machano, wewe mtu wa maneno manyofu, nami nitakupa sharti nyofu. Niletee shahidi wa kunithibitishia kwamba mtu mwenye fimbo juu yuko katika kazi. Lakini shahidi huyo asiwe mtu aliyekula kwa Vuai, maana atampendelea. Wala asiwe na kinyongo na Waziri wangu. Wala asiwe mtu wa kuhongeka. Umlete kabla jua la kesho halijatua. Ukimleta, Vuai atakula kwangu. Usipomleta, kanzu yako hiyo nitaichukua niwape mafundi wafutie chokaa."

Watu wakaguna. Maana mji mzima ulikuwa umekula kwa Vuai, ambaye mlango wake haukuwa na komeo. Na yule ambaye hakula kwa Vuai alikuwa na kinyongo na Waziri. Na aliyebaki, kila mtu alijua bei yake.

Machano akainama. "Nimekubali, Maulana. Nami nina ombi moja. Wapigaji walipanda juu kwa kuzitegemea maana walizozijua wao. Kama maana zimebadilika, ni haki waambiwe. Mbiu ipigwe, maneno ya Waziri yatangazwe kama yalivyo, pasiongezwe kitu wala kupunguzwa."

"Hilo ni la haki kabisa," akasema Sultani.

"Ni heshima kwangu," akasema Waziri. Akamwita mpiga mbiu, akamkaririsha mwenyewe mpaka alipoyashika.

Basi alasiri ile mbiu ikalia mitaani: kwamba mpiga sakafu ambaye fimbo yake iko chini, yuko katika kazi, na akiumia atalishwa, na ambaye fimbo yake iko juu, hayuko katika kazi, na akiumia shauri yake. Wapigaji wakakusanyika kwa Machano. Katika hao palikuwa na mama mmoja mnene, mkongwe wa kazi hiyo, jina lake Bi Kazija, ambaye akipiga sakafu hata panya wa chini walihama. Akauliza, "Machano, mwanangu, hii ndiyo nini?"

"Ndiyo sheria, Bi Kazija."

"Inasemaje kwa Kiswahili?"

"Inasema ukiinyanyua fimbo, umejitoa."

Bi Kazija akafikiri kidogo, kisha uso wake ukakunjuka. "Mimi sipendi kujitoa," akasema. "Nina wajukuu."

Asubuhi yake ilikuwa siku ya sakafu ya ukumbi wa harusi, sakafu kubwa kuliko zote, iliyopakana na ile Vuai aliyokuwa akipiga alipoanguka. Chokaa ikapandishwa kwa makarai, kokoto zikachanganywa, maji yakatiwa, ikamwagwa, ikasambazwa, ikawa nyeupe na laini kama maziwa mgando. Jua likaanza kupanda. Wapigaji wakapanga safu. Machano akasimama mbele yao, akatoa neno la kwanza la wimbo. Fimbo zikashuka zote kwa mlio mmoja.

Hazikupanda tena.

Chini barazani, Sultani alikuwa akinywa kahawa, na miguu yake imekwisha kuzoea kutikisika kwa mlio ule. Akangoja mlio wa pili. Haukuja. Akanywa, akangoja. Akamwambia Waziri, "Mselem, kapande utazame. Nyumba yangu imenyamaza."

Waziri akapanda ngazi akihema, akatokea juu, akawaona watu wote wameinama, kila mmoja ameikandamiza fimbo yake juu ya chokaa kwa mikono miwili, wametulia kama waliochorwa ukutani.

"Kuna nini hapa?"

"Kuna kazi, bwana," akasema Bi Kazija, asiinue kichwa. "Tena kazi tupu. Tangu asubuhi hatujatoka hata kidogo."

"Mbona hampigi?"

"Tumepiga. Fimbo ziko chini. Ulisema mwenyewe."

"Sasa zinyanyueni mpige tena."

Bi Kazija akainua jicho moja. "Bwana Waziri, niko katika kazi ya Sultani, nawe unaniamuru nitoke. Amri hiyo ni ya Maulana au ni yako? Nataka kujua, maana nikitoka kwa amri yako nikaanguka, nitaleta bakuli kwako."

Waziri akamgeukia Machano. "Wewe ndiye uliyewafunza haya."

"Mimi sina elimu ya kumfunza mtu," akasema Machano. "Tumefunzwa na mbiu."

Waziri akashuka, akamweleza Sultani. Na kadiri alivyoeleza, ndivyo Sultani alivyozidi kutomwelewa, mpaka akainuka akapanda mwenyewe. Alipofika juu, jua lilikuwa limekwisha kuwa kali. Chokaa iliyokuwa laini ilikuwa imeanza kuvuta ngozi, na katikati ya ukumbi, pale atakapokaa bibi harusi, ufa mwembamba kama unywele ulikuwa ukitembea taratibu. Sultani akautazama. Ule ufa ukapata mtoto.

"Machano," akasema, "sakafu yangu inapasuka."

"Naiona, Maulana. Inatoa ushahidi."

"Ushahidi gani?"

"Jana ulinitaka shahidi. Huyu hapa, umesimama ukingoni mwake. Hajala kwa Vuai hata siku moja. Hana kinyongo na Waziri wako, hamjui. Na rushwa hapokei, wala hana mkono wa kupokelea. Nimemwuliza, 'Ewe sakafu, kazi ni fimbo ikiwa chini tu?' Naye anajibu kwa ufa. Kama kunyanyua fimbo si kazi, Maulana, basi watu hawa hawajakukosea lolote, wako kazini kamili, na ukumbi wako unakufa mikononi mwa watu walio kazini. Na kama kunyanyua ni kazi, basi Vuai alianguka akiwa kazini."

Sultani akamtazama Waziri. Waziri Mselem hakuwa mtu wa kushindwa kwa neno moja. Akasema haraka, "Maulana, nakubali. Kunyanyua na kushusha, yote mawili ni kazi. Lakini kurudi nyuma si kazi. Kurudi ni mwendo tu, na Vuai alianguka kwa kurudi."

"Mmesikia, ndugu zangu?" akasema Machano. "Kunyanyua ruhusa. Kurudi, hapana."

Akatoa wimbo. Fimbo zikapanda, zikashuka, zikapanda, zikashuka, kwa nguvu zote, kila mtu mahali pake, hatua moja hairudi nyuma. Chini ya kila fimbo likachimbika shimo. Bi Kazija alikuwa hodari. Shimo lake likaanza kuonyesha boriti.

"Basi," akasema Sultani. "Basi, basi. Mselem, nyamaza, kabla hujaipima nyumba yangu yote ikaisha."

Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, akatafuta ubao wa ukingoni wa kuegemea, asiuone, akaangalia chini, akaona mchanga uko mbali sana. Kicheko kikamkatika. Akarudi hatua mbili kutoka ukingoni, akasema kwa sauti ya chini.

"Vuai alisimama hapa?"

"Hapo hapo, Maulana. Akiwa amekupa mgongo wake kwa kukuamini."

"Zirudishwe mbao," akasema Sultani. "Ziwe imara. Jumba likionekana kama zizi, na lionekane. Na Vuai, chakula chake na cha mkewe na cha wanawe kitoke kwangu leo, na kitoke kwa wingi."

"Mpaka lini, Maulana?" akauliza Machano. "Samahani kwa kuuliza. Ni kwa ajili ya neno kupona. Tusije tukalikuta kesho limepungua."

Sultani akafikiri. Waziri akainua kidole. Sultani akakitazama kile kidole, kikashuka. "Alipanda hapa kwa miguu yake, akipiga na kurudi kinyumenyume. Siku atakapoweza kupanda tena vile vile, akapiga na kurudi kinyumenyume, muunga mifupa akitazama na kuridhika, siku hiyo amepona."

"Na kama mguu haukurudi kama ulivyokuwa?"

"Basi hakupona, na jiko langu halikuzimika. Piga mbiu, na ipigwe maneno haya haya. Sasa, Machano, kwa hisani yako, toa wimbo, chokaa inakauka."

"Ngoja, Maulana. Safu ina nafasi moja. Fimbo ya Vuai haina mtu."

Watu wote wakamgeukia Waziri. Sultani akaiokota fimbo mwenyewe, akampa Waziri Mselem kwa adabu zote, kama mtu anayempa mgeni tambuu.

Basi ikawa Waziri wa Kiwambao anapiga sakafu, kilemba kichwani, kati ya Bi Kazija na kijana mmoja mwenye mabega. Machano akaanza kwa wimbo wa polepole, kwa huruma, kisha huruma ikamwishia akauharakisha. Sakafu ikafufuka, nyufa zikafunga, mashimo yakajaa. Safu ikaanza kurudi. Mbao zilikuwa bado zinapandishwa ngazi, na Waziri, kila hatua ya kinyumenyume, moyo ulimwambia kwamba nyuma yake dunia imekwisha. Akavumilia hatua chache, kisha akageuza shingo kutazama nyuma. Fimbo yake ikashuka bila macho. Ilimkosa Bi Kazija, ikakipata kidole gumba cha mguu wa Waziri mwenyewe.

"Leteni hizo mbao," akalia Waziri, akirukaruka kwa mguu mmoja, "leteni upesi, mnangoja nini?"

Sultani akacheka mpaka chozi likamdondoka juu ya chokaa, na mafundi wakalipiga humo humo. Ukumbi ukakamilika jua halijazama, na binti akaolewa juu yake, na mpaka leo ukiigonga sakafu ile inalia kama kengele.

Machano akapewa kanzu nyingine, nyeupe, ya kitambaa kizuri, na Sultani akamwambia, "Sasa utafua bila kujificha." Lakini Machano akazivaa zote mbili kwa pamoja, moja juu ya nyingine, jua likiwaka, jasho likimtoka. Walipomwuliza, akasema kwamba alipokuwa akitoka barazani alimsikia Waziri akianza kulipima neno kumiliki, naye hataki kuacha chochote nyumbani mpaka atakapomaliza.

Ama Vuai, alilala mpaka muunga mifupa aliposema. Watoto wakanenepa kwa wali wa Sultani, na Machano akawatembelea wakati wowote. Siku ilipofika, Vuai akapanda ngazi, akapiga, akarudi kinyumenyume mpaka mgongo wake ukagusa ubao, akasimama hapo kidogo ameuegemea. Muunga mifupa akainama, akautazama mguu, akasema, "Umeunga sawasawa. Huu wangu," akashuka.

Lakini kabla ya hapo, jioni ile ile ya ukumbi, Mize alikwenda jikoni kwa Sultani na bakuli lake. Alipokuwa akipakuliwa, akaona mtu anakuja akichechemea, kidole kimefungwa kitambaa, naye ni Waziri Mselem. Akasimama mlangoni, akamwambia mpishi, "Nimeumia katika kazi ya Sultani. Mbiu inasema nile hapa."

Mpishi akamtazama Mize. Mize akaweka bakuli lake kichwani, likiwa limejaa linafuka moshi, akamsogelea Waziri, akamwuliza kwa upole, kama alivyoulizwa yeye, "Pole sana, bwana. Nimesikitika. Na fimbo ilikuwa juu, au ilikuwa chini?"

Wanasema Waziri alisimama pale akafikiri sana, kwa kuwa mara hii kweli ilikuwa chini, na hakuona namna ya kulisema hilo bila kucheka. Akacheka. Mize akampisha mlangoni, mpishi akampakulia.

Na hekaya nayo inaiweka fimbo yake chini hapa. Atakayeinyanyua kuisimulia tena, ajue kwamba yuko kazini.